Ratiba ya Excel ikiingizwa MS Project inavurugika mpangilio, tarehe na mishale. Tatizo hasa liko wapi?

#1 Kipimo Futi
Wakuu, habari za majukumu.

Nina ratiba ya jengo la hosteli, ghorofa nne, hapa Dodoma. Mkadiriaji majenzi alinipa BOQ (orodha ya vipimo na gharama za kazi) ya Excel, nikaipanga kazi moja moja, mistari zaidi ya 300. Safu zangu ni namba ya kazi (1, 1.1, 1.1.1 na kuendelea), jina, muda, kuanza, kumaliza, na kazi inayotangulia. Kwenye Excel inasomeka vizuri kabisa.

Nikiingiza MS Project, programu ya kupangia ratiba, yanatokea mambo matatu. Kazi zote zinakaa ngazi moja, hakuna mama wala mtoto. Baadhi ya tarehe zinaruka miezi huku nyingine zikibaki sawa. Na mishale inayounganisha kazi, mingine haionekani kabisa, mingine imekwenda kwa kazi isiyohusika.

Mkataba ni wa FIDIC (mikataba ya kimataifa ya ujenzi), mshauri anataka ratiba ndani ya siku 28 tangu tusaini. Sina nia ya kuchapa mistari yote upya. Tatizo ni faili, programu au kompyuta?

#2 Mtoto wa Kivukoni
Naweka kigoda hapa. Tupo wengi wenye shida hii, ila wengi wanaona aibu kuuliza.

#3 MamaRatiba
Karibu jukwaani Kipimo Futi. Nianze na la ngazi, maana ndilo linalowasumbua watu wengi.

Ukiiambia programu kwamba safu yako ya 1.1.1 ni WBS (mgawanyo wa kazi), yenyewe inaipokea kama maandishi tu na kuyahifadhi. Haijengi ukoo. Inayojenga ukoo ni safu ya Outline Level, ambayo ni namba moja tupu: 1 kwa kazi kuu, 2 kwa mtoto wake, 3 kwa mjukuu. Na mpangilio wa mistari lazima uwe mama kwanza, wanawe wafuate chini yake. Ukishapanga faili kwa alfabeti, umeshawatawanya.

Huna haja ya kujaza kwa mkono. Kama namba ya kazi iko safu ya A, hesabu nukta zake uongeze moja:

=LEN(A2)-LEN(SUBSTITUTE(A2,".",""))+1

Ivute hadi chini, halafu kwenye dirisha la kuoanisha safu uichague kama Outline Level. Mfupa wote utasimama wenyewe.

#4 Zege Bichi
MamaRatiba ameeleza ngazi, mimi nashika tarehe. Hebu angalia zile zilizoruka: siku yake haizidi 12, si ndiyo? 3/7 imekuwa Machi 7, lakini 25/7 imebaki Julai 25. Kompyuta yako imewekwa kwa mtindo wa Marekani, mwezi mbele. Ile 25/7 haikuweza kugeuzwa kwa sababu mwezi wa 25 haupo. Nenda kwenye mipangilio ya nchi ya Windows, weka siku/mwezi/mwaka, kisha ingiza upya. Hakuna uchawi.

#5 Ngara Kwetu
Mnamzungusha mwenzenu. Nakili Excel, bandika MS Project, umemaliza. Mimi sijawahi kufungua hilo dirisha la kuoanisha na ratiba zangu zinapita.

#6 MamaRatiba
@Ngara Kwetu, kubandika kunafaa kama safu zako zimefuatana sawasawa na jedwali la Gantt (orodha ya kazi yenye chati ya muda pembeni) unalobandikia. Safu moja ikikaa tofauti, muda unaingia kwenye tarehe. Na kila mwezi ukileta marekebisho utabandika upya? Ramani ya safu unaihifadhi mara moja, mwezi ujao unaiita kwa jina lake.

#7 Kipimo Futi
@Zege Bichi kweli, zote zilizoruka ni za siku 1 mpaka 12! Narekebisha.

@MamaRatiba nimeweka kanuni, kazi kuu zimesimama na watoto wao. Ila kuna jambo geni: chini ya sehemu ya 1, kazi ya kumi imeandikwa 1.1 badala ya 1.10. Nina 1.1 mbili. Na sehemu ya 3 hivyo hivyo.

#8 Dada Takwimu
Hiyo si MS Project, ni Excel. Safu yako imehifadhiwa kama namba, na kwa hesabu 1.10 na 1.1 ni kitu kimoja, kwa hiyo sifuri imefutwa. Geuza safu iwe ya maandishi KABLA ya kuandika chochote. Ukigeuza baadaye sifuri iliyokwishaondoka hairudi, utairudisha kwa mkono.

Kwa bahati kanuni ya MamaRatiba haiathiriki, nukta ni moja kwa zote mbili. Atakayeumia ni yule anayetumia namba hizo kutafuta kazi.

Na msidhani ni watu wa ujenzi tu. Wanasayansi wa jeni walikuwa na jeni zinazoitwa MARCH1 na SEPT1, Excel ikawa inazigeuza tarehe kwenye majedwali ya tafiti. Mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitangaza kubadilisha majina yenyewe: MARCHF1, SEPTIN1. Wamebadilisha jina la jeni ili kukwepa jedwali!

#9 Mtoto wa Kivukoni
Dada Takwimu kila uzi lazima atupeleke maabara 😂 Ila hii sikuwa naijua, shukrani.

#10 Nondo 16
Wote mmepita pembeni ya mishale, na mishale ndiyo ratiba. Bila mishale hiyo ni orodha ya sokoni.

Kipimo Futi, safu yako ya kazi inayotangulia uliijaza kwa kuangalia namba gani? Nahisi uliangalia namba za mistari ya Excel, zile za pembeni kushoto. Mstari wa 1 ni vichwa vya safu, kwa hiyo kazi ya kwanza iko mstari wa 2. MS Project ikipokea, kazi ya kwanza inapewa ID 1. Kila namba uliyoandika imepitiliza kwa moja.

Angalia matokeo yake. Kazi iliyo mstari wa 15 inasubiri iliyo juu yake, ukaandika 14. Huko ndani, kazi ya mstari wa 15 ni ID 14. Umeiambia ijisubiri yenyewe, na programu haikubali kazi ijiunge na nafsi yake, kwa hiyo mshale unatupwa. Ndiyo maana mishale ya kazi zinazofuatana imepotea, na ile ya mbali imekwenda kwa jirani wa kazi uliyoikusudia.

Dawa: ongeza safu ya ID ndani ya Excel, anza 1 kwenye kazi ya kwanza, kisha toa 1 kwenye kila namba ya mtangulizi.

#11 Zege Bichi
Nondo hapo umenishika. Ila ongezea la koma. Kazi ikiwa na watangulizi wawili, ukaandika 12,145, Excel inasoma elfu kumi na mbili mia moja arobaini na tano. Koma inaonekana kwenye seli lakini kilichohifadhiwa ni namba moja, na kazi ya 12145 haipo. Safu hiyo nayo iwe ya maandishi.

Tena kuna kompyuta zilizowekwa lugha za Ulaya, zile zinatenganisha orodha kwa nukta mkato. Niliwahi kupokea faili kutoka kwa wabia wa Ufaransa, mishale yote yenye watangulizi wawili ilikataa mpaka nilipobadilisha.

#12 Jirani wa Namanga
Salamu kutoka Nairobi. Mimi si wa zege, niko upande wa softwea, tunatumia Jira, programu ya kufuatilia kazi. Lakini nikisoma hapa naona ugonjwa ni mmoja.

Jira ukiiletea CSV (jedwali la maandishi yaliyotenganishwa kwa koma), kazi ndogo haitambui mama yake mpaka uweke safu mbili: namba ya kila kazi, na namba ya mama kwa kila mtoto. Hakuna kuhesabu ngazi kama kwenu. Na tarehe, lile dirisha linakuuliza mtindo: ni dd/MM/yyyy, MM ziwe herufi kubwa. Ukiandika mm ndogo umeiambia ni dakika. Timu nzima inaweza kukaa mchana kutwa ikishangaa mbona kazi zote ni za Januari.

Swali langu kwenu: si Trello ingewatosha? Unabandika orodha ya mistari, inakuuliza kama unataka kila mstari uwe kadi, imeisha. Si Atlassian, wenye Jira, waliinunua 2015 wakaiunganisha na Jira?

#13 Dada Takwimu
Ilikuwa Januari 2017, kwa dola milioni 425. Mwaka 2011 ndipo Trello ilipozinduliwa.

#14 Nondo 16
@Jirani wa Namanga, karibu sana, lakini kadi za Trello zinakuambia kazi iko wapi, hazikuambii nguzo za ghorofa ya pili zikichelewa wiki moja paa linasogea siku ngapi. Mshauri analipwa kuuliza hilo hilo.

#15 Bin Maskati
Assalaam alaykum wana jukwaa. Niko Muscat, Oman, nafanya mipango ya miradi ya mabomba.

Mmesema tarehe, hamjasema kalenda, na tarehe bila kalenda hazina maana. Kalenda ya kawaida ya MS Project ni Jumatatu hadi Ijumaa, saa nane kwa siku, kuanzia saa 2 asubuhi. Saiti yako Dodoma bila shaka inafanya kazi Jumamosi. Kazi ya siku 30 kwa wiki ya siku tano inachukua wiki sita. Kwa wiki ya siku sita inachukua tano. Kwenye kazi moja tofauti ni wiki, kwenye mnyororo wa kazi kumi umeshapoteza msimu mzima. Na faili la Excel halibebi kalenda! Unaitengeneza kwanza ndani ya mradi, ndipo unaingiza kazi.

Huku kwetu ndiyo balaa zaidi. Oman mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi, tangu 2013. Jirani zetu wa Imarati walihamia Jumamosi na Jumapili Januari 2022, Ijumaa wanafanya nusu siku. Mkandarasi mdogo akiwa Dubai na mradi uko Sohar huku Oman, ratiba moja inahitaji kalenda mbili, la sivyo unampangia mtu kikao siku ya mapumziko yake.

#16 MamaRatiba
Waalaykum salaam Bin Maskati. Hilo la kalenda nilipaswa kulisikia mwanzoni mwa uzi, si hapa katikati! Na Kipimo Futi aweke sikukuu zake: Aprili peke yake ina Karume tarehe 7 na Muungano tarehe 26, kisha Mei Mosi inafuata. Idd zote mbili aziache na nafasi ya siku moja huku na huku, kwa kuwa zinategemea mwezi kuandama.

#17 Ngara Kwetu
Asisahau pia mvua. Masika Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba, msingi usichimbwe humo.

#18 Kipimo Futi
@Ngara Kwetu hiyo ni ya pwani na kaskazini. Dodoma tuna msimu mmoja tu, kuanzia kama Desemba hadi Aprili. Ukinipangia vuli ya Oktoba utaninyima mwezi mzuri kuliko yote wa kuchimba.

#19 Ngara Kwetu
Nimekubali, Wagogo mmenishinda kwa hilo. La kubandika bado nalisimamia.

#20 Zege Bichi
Turudi kwa tarehe, maana kuna jambo la pili ambalo nadhani ndilo kubwa. Kipimo Futi ana muda, kuanza, kumaliza NA mishale. Hivyo vyote pamoja vinagombana.

Ukiingiza tarehe ya kuanza, na kazi ni ya kupangwa na programu yenyewe, kazi inafungwa sharti: isianze kabla ya tarehe hiyo. Mistari 300, masharti 300. Siku msingi ukiisha mapema, kuta hazitasogea nyuma hata siku moja, zimefungwa. Na kama kazi mpya kwako zinaingia kwa mtindo wa kupangwa kwa mkono, ambao ndio wa kawaida tangu toleo la 2010, basi mishale inakuwa mapambo, tarehe hazisogei kabisa.

Ushauri wangu: weka kazi mpya zipangwe na programu, kisha ingiza jina, ngazi, muda na watangulizi TU. Tarehe ya kuanza mradi iwe moja, juu kabisa. Nyingine zote ziachie programu ihesabu.

Na kwenye muda, zege linapomwagiliwa maji siku saba, andika 7ed, siku za mfululizo. Ukiandika 7d inaruka Jumapili na sikukuu, ilhali zege linakomaa usiku na mchana.

#21 Nondo 16
@Zege Bichi, napinga nusu. Kuna tarehe ambazo ni za kweli: siku ya kukabidhiwa eneo, siku lifti inafika bandarini. Hizo zifungwe. Ukizifuta zote utapata ratiba nzuri inayoshusha lifti kabla meli haijafika.

#22 Zege Bichi
Hizo si 300. Zifungwe kwa mkono baada ya kuingiza.

#23 Mzee wa Mchoro
Nimewasoma wote, vijana mnajua mashine. Naomba niseme lisilosemwa: faili la kijana huyu limetoka BOQ, na BOQ si mgawanyo wa kazi.

BOQ inapanga vitu kwa aina ya kipimo. Zege lote ukurasa mmoja, nondo zote ukurasa mwingine, mbao za kusukia zege kwingine. Saitini hakuna siku mnafanya nondo za jengo zima. Mnafanya nguzo za chini: mbao, nondo, zege. Halafu jamvi la juu yake: mbao, nondo, zege. Ukiingiza BOQ ilivyo, mama anakuwa "Nondo" na watoto wake wametapakaa ghorofa zote nne. Hata ngazi zikikaa sawa na tarehe zikanyooka, mhandisi mshauri ataangalia mstari wa "Nondo" unaoanza mwezi wa kwanza na kuisha mwezi wa mwisho, na hautamwambia chochote.

Gawanya kwa mahali kwanza: msingi, ghorofa ya chini, ya kwanza, na kuendelea, paa, kazi za nje. Kazi zote za mkataba ziwemo, na isiwemo isiyo ya mkataba. Hiyo ndiyo sheria ya asilimia mia. Henry Gantt alipobuni chati yake hakukuwa na Excel, watu walifikiri kwanza ndipo wakachora.

#24 Dada Takwimu
Shikamoo mzee. Hoja ya BOQ nimeielewa sana. Ila chati yenyewe, Mpoland Karol Adamiecki aliitangulia mwaka 1896, akaiita harmonogramu. Haikujulikana huku nje kwa sababu alichapisha kwa Kipolandi na Kirusi. Ya Gantt ilienea miaka ya 1910.

#25 Mzee wa Mchoro
Marahaba mwanangu. Nimelipokea hilo.

#26 Nondo 16
Mzee, kwa heshima, hapo kuna gharama. Akigawanya kwa ghorofa, hati ya malipo ya kila mwezi bado inafuata BOQ. Atamwonyeshaje mkadiriaji kwamba asilimia 40 ya nondo imekamilika? Mimi naacha BOQ kwenye safu yake ya ziada kama msimbo, kila kazi inabeba namba ya kipengele chake, kisha nakusanya kwa msimbo huo ninapotaka malipo. Mgawanyo wa ghorofa kwa saiti, msimbo kwa fedha.

#27 Mzee wa Mchoro
Kipengele kimoja cha BOQ kitagawanyika kwenye kazi nane au kumi. Utagawaje kiasi chake?

#28 Nondo 16
Kwa vipimo vya michoro, mzee. Ni kazi ya siku kadhaa, sikatai.

#29 Reli na Lami
Sisi wa barabara mshauri anataka Primavera P6, si MS Project. Huko ndiko mtajifunza nidhamu. Unatoa faili la Excel kutoka P6 yenyewe kwanza, unajaza humo humo, unarudisha. Mstari wa kwanza una majina ya ndani ya safu, usiuguse hata herufi. Na WBS lazima iwe imeshajengwa ndani ya P6, Excel inaleta kazi tu, haijengi ukoo mpya. Kazi zinaitwa A1000, A1010, A1020, zinaruka kumi kumi ili ukikumbuka kazi iliyosahaulika uichomeke katikati.

Halafu Kipimo Futi, rekebisho dogo: siku 28 hazihesabiwi tangu kusaini. Kwa kitabu chekundu cha FIDIC cha 1999, kifungu 8.3, zinaanza pale mkandarasi anapopokea taarifa ya tarehe ya kuanza kazi. Angalia mkataba wako ni toleo gani, huenda una siku zaidi ya unavyodhani.

#30 Kipimo Futi
@Reli na Lami asante sana, ni la 1999, na taarifa tumeipata wiki hii.

Mrejesho: ngazi ziko sawa, mishale baada ya kutoa 1 imekaa karibu yote. Kalenda ya siku sita nimetengeneza. Lakini mradi sasa unaisha miezi miwili baada ya tarehe ya mkataba, wakati kwenye Excel ulikuwa unaisha ndani ya muda.

#31 Zege Bichi
Hapo ndipo ratiba imeanza kusema kweli. Excel ilikuwa na tarehe ulizopenda, sasa zinatoka kwenye mishale.

#32 MamaRatiba
Au kuna mshale unaovuta kazi mama badala ya mtoto. Ukiunganisha "Ghorofa ya kwanza" nzima na "Ghorofa ya pili" nzima, hakuna kinachoanza juu mpaka rangi ya chini ikauke. Tafuta hiyo kwanza.

#33 Bin Maskati
Au umeweka kalenda kwenye mradi lakini kuna kazi au mafundi waliobaki na kalenda ya kawaida. Fungua safu ya kalenda ya kazi uikague.

#34 Mtoto wa Kivukoni
Na sisi tusio na leseni? Ofisi yetu haitoi.

#35 Dada Takwimu
ProjectLibre na GanttProject, zote ni bure. ProjectLibre inafungua faili la MPP, lile la MS Project. GanttProject inapokea CSV, ila itoe kwanza CSV ya mfano kutoka humo uone vichwa vya safu inavyovitaka. Ukimtumia mwenye MS Project, tumia XML.

Tena kama faili la Excel lilianzia kwenye Mac ya zamani, kagua mwaka. Baadhi yake zilihesabu siku kuanzia 1904 badala ya 1900, tofauti ni siku 1,462. Ukinakili tarehe kati ya mafaili ya aina mbili, zinaruka miaka minne na siku moja.

#36 Nondo 16
Kipimo Futi, kabla hujatafuta huko kote, chuja kazi zisizo na mtangulizi na zisizo na mfuasi. Kisha washa njia hatarishi (critical path, mnyororo wa kazi unaoamua siku ya kumaliza mradi) uone inapita kazi gani. Kama inapita kwenye plasta ya ghorofa ya chini, MamaRatiba yuko sahihi. Kama inapita kwenye jamvi na nguzo mpaka juu, basi miezi miwili hiyo ni ya kweli, unahitaji seti ya pili ya mbao za kusukia zege.

#37 Kipimo Futi
Inapita jamvi la kwanza, nguzo, jamvi la pili… halafu inarukia lifti.

#38 Nondo 16
Lifti uliiwekea muda gani wa kuagiza?